Shingo ya Guka

Chekeni kwanza, nitawangoja. Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Rafiki zangu wengi bado wanatafuta kazi ya kwanza, na mimi tayari ninaota jua nje ya nyumba ya mama hapa Giakanja kama mzee wa pensheni, ila pensheni yenyewe ndiyo haiko. Nilikuwa kinyozi. Kwa miaka tisa nilinyoa vichwa na ndevu Ruring'u, hapa Nyeri, katika duka la mzee mmoja aliyeitwa Ndirangu, na kama mkono wangu wa kulia haungevunjika ningekuwa huko mpaka leo, nikipiga domo na wateja.

Nyinyi mnaoanza kazi hii huwa mnaniuliza juu ya ndevu. Nywele za kichwa hamniulizi, kwa sababu mashine ya stima kila mtu anaijua. Mnaniuliza juu ya ile mashine ya mkono, ile ya chuma inayofungwa wembe mmoja wenye makali pande mbili. Mnasema inawakata wateja, inawawasha, inawaachia vipele, na mtu akitoka harudi. Wengine wenu nimewaeleza kwa mdomo nikasahau nusu. Basi nimeona niandike. Mtanisamehe mwandiko. Shule niliachia kidato cha pili, na siku hizi ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Lakini siwezi kuwaambia juu ya mashine hiyo bila kuwaambia juu ya Ndirangu. Watu wote walimwita Guka, yaani babu, hata wazee wa rika lake. Alikuwa mfupi, koti lake jeupe limepigwa pasi, na uso wake ulikuwa msafi kila siku ya Mungu. Alijinyoa mwenyewe asubuhi kabla ya kufungua duka, mbele ya kioo kidogo kilichopasuka pembe moja. Hakuna mtu mwingine aliyegusa uso huo. Siku yangu ya kwanza, nikiwa na miaka ishirini na sijui hata kufunga wembe, alinionyesha shingo yake kwa kidole.

"Unaona hapa?" akasema. "Wembe hata mtoto anaweza kushika, ndiyo maana tunaficha. Mimi sitakupa karatasi ya kusema umehitimu. Siku nitakupa hii shingo uninyoe, hiyo siku utajua umejua."

Kabla yangu alikuwa amefundisha watu wawili. Mmoja alipewa shingo baada ya miaka mitatu, mwingine baada ya minne. Nilipiga hesabu kichwani, nikajiambia mimi itakuwa miwili. Nilikuwa mtu wa kuota hivyo.

Kitu cha kwanza alichonituma sokoni kilikuwa matunda damu. Nilidhani ni ya kula. Akachovya brashi kwenye sabuni, akapaka tunda povu mpaka likawa jeupe, akanipa mashine ya mkono.

"Nyoa hiyo povu yote. Ukitoboa ganda, umekata mtu."

Nyinyi mnayajua matunda damu yakishaiva, ganda lake lilivyo jembamba. Nikitoboa, maji mekundu yalitoka na kuingia kwenye povu, na hapo huhitaji mwalimu wa kukueleza umefanya nini. Nilitoboa kumi siku ya kwanza. Siku ya pili nikatoboa kumi na moja. Guka aliketi kwenye kiti cha wateja akiyala kwa kijiko, moja baada ya jingine.

"Unanilisha vizuri, mami," alisema, kama wazee wa kwetu wanavyomwita msichana. "Lakini wateja sitaweza kuwakula."

Tatizo langu lilikuwa moja, na ndilo tatizo la wengi wenu, kwa hivyo sikieni. Mimi nimelelewa shambani. Tangu darasa la pili nimelima na mama hapa Giakanja, nimebeba majani ya ng'ombe mgongoni, nimepasua kuni. Mkono wangu ulikuwa umejifunza jambo moja tu, kwamba kitu kikikataa, ongeza nguvu. Jembe likigonga mzizi, unakandamiza. Basi hata wembe ulipogonga ndevu ngumu nilikandamiza. Na wembe si jembe. Ukiukandamiza haukati ndevu vizuri zaidi, unachukua ngozi pamoja na ndevu.

"Wangechi, unanyoa ama unalima?" Guka aliniuliza hivyo kila siku, nadhani, kwa mwaka mzima. "Hii mashine iko na uzito yake. Hiyo uzito ndiyo nguvu. Kazi yako ni kuishikilia tu isianguke."

Nilikuwa nikielewa kwa kichwa. Mkono ndio haukuelewa.

Sasa chukua mashine ufanye hivi. Ishike kwa vidole vitatu, mwisho wa mpini, kwa wepesi, kama kalamu ya kuazima unayoogopa kuivunja. Weka kichwa chake kwenye shavu, mpini umesimama ukitazama ukuta. Hapo wembe haugusi kitu. Teremsha mpini pole pole huku ukisogea, mpaka usikie. Utasikia. Ni kama ng'ombe anakula majani karibu nawe, ule mkwaruzo mdogo mdogo wenye raha. Kukiwa kimya, mpini uko juu sana. Ukisikia kama mtu anakwangua sufuria, umeteremsha kupita kiasi, simama. Guka alikuwa anageuzia mgongo kiti changu makusudi, anasoma gazeti la juzi, na bado anasema, "Sufuria hiyo." Hakuhitaji kuniangalia.

Maji yawe ya moto. Hapa kwetu mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka ndani ya duka, na uso wa mtu unakuwa mgumu kama ngozi ya ngoma. Kitambaa cha moto kikae usoni muda wa kuuliza mteja habari za watu wake wote, mmoja mmoja. Mteja akiwa na jamaa wachache, uliza na ng'ombe.

Na maji yawe maji. Ninasema hivyo kwa sababu siku moja stima ilipotea, nikakimbia kwa mama wa hoteli kuomba maji ya moto, akanimiminia kwenye thamosi yake. Kitini alikuwa Afande Barasa, polisi mstaafu wa kutoka upande wa Bungoma aliyekuja Nyeri kikazi akakataa kurudi. Nikamfunika uso kwa kitambaa. Akanyamaza. Kisha sauti ikatoka ndani ya kitambaa.

"Msichana, hii maji imetoka wapi?"

"Kwa hoteli, Afande."

"Basi ungeleta na mandazi."

Thamosi ilikuwa ya chai ya tangawizi na haikuwa imeoshwa. Afande alinuka maziwa mpaka jioni, na kwa miezi kadhaa kila akiingia dukani aliuliza kama leo kuna sukari.

Kitu kingine ambacho sijaona kwenye simu zenu, pamoja na video zote mnazotazama, ni kusoma. Kabla ya povu, kabla ya kila kitu, mkono wa kushoto upite usoni ukiwa mkavu. Mwambie mteja mapema asijinyoe siku mbili. Funga macho ukitaka, mimi nilifunga. Ndevu za shavuni mara nyingi zinashuka. Za shingoni zinaweza kupanda, au kulala upande, na karibu kila mtu ana mahali pamoja ambapo zinazunguka kama maji yanapoingia shimoni. Mahali hapo ndipo mnapowakata watu. Guka alikuwa akisema mkono wa kushoto unasoma, wa kulia unaandika, na kwamba vijana wengi wanaandika bila kusoma.

Ukishajua zinakoelekea, mwendo wa kwanza uende nazo. Kama bado kuna mabaki, paka povu upya, upite upande. Kinyume usiende. Najua kinyume ndiko kunaacha uso laini kama yai. Lakini ndevu zetu zinajikunja. Ukizikata kinyume zinakatwa chini ya ngozi, zikianza kuota zinajikunja na kurudi ndani, na hicho ndicho kipele. Mwisho maji baridi, kisha lile jiwe jeupe la shabu, ulipitishe likiwa na maji. Likimuuma mteja mahali, hapo ulikandamiza. Shabu haidanganyi.

Hayo ya kinyume nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa nne alikuja kijana wa Kerugoya aliyekuwa akienda kwa wakwe wikendi hiyo na ukoo wake wote kupeleka mahari. Akataka uso kama wa mtoto. Guka alikuwa ameenda benki. Nikaenda nazo, nikaenda upande, kijana akajipapasa akasema, "Hapa bado nasikia kitu." Nikaenda kinyume, na nikakandamiza. Akatoka aking'aa. Siku ya wakwe ilipofika, kidevu chake kilikuwa kimeota vipele kama sufuria ya maharagwe, na kwenye kila picha ya siku hiyo amekishika kidevu kwa mkono. Wakwe walisema wamepata mkwe mwenye mawazo mazito. Alikuja kutuonyesha picha hizo. Yeye alicheka. Guka hakucheka.

"Hii shingo," akaniambia baadaye akijigusa, "umeirudisha nyuma."

Sikuuliza miaka mingapi.

Msidhani alikuwa mtu mkali. Nilikuwa na daftari ambamo nilikuwa nimechora kinyozi changu cha baadaye, duka langu mwenyewe la huko mjini juu. Kioo cha ukuta mzima, viti vitatu vya kulala nyuma, bomba la maji ya moto, na mwanamke mwenye koti jeupe amesimama katikati, huyo ni mimi. Nilimwonyesha siku moja kulipokuwa na mvua na hakuna wateja. Alivaa miwani, akaliangalia muda mrefu kwa heshima.

"Ni kizuri," akasema. "Watu wataingilia wapi?"

Sikuwa nimechora mlango. Akachukua kalamu ya kuandikia majina ya wateja, akanichorea mlango mwenyewe, na komeo lake. Daftari hilo niko nalo.

Kulikuwa na desturi yake nyingine ambayo sijaiona kwa kinyozi mwingine yeyote, Nyeri wala Karatina. Guka hakumaliza mtu. Akimnyoa mteja vizuri kabisa, aliacha kitu kidogo mahali fulani, nywele mbili nyuma ya sikio, au kona ya ndevu ndogo kama punje ya mtama. Aliiita "ya kesho." Aliamini kwamba mtu aliyemalizwa hana sababu ya kurudi, na kwamba si vizuri kumwambia mtu mzima kwamba amekwisha. Wateja wa zamani waliijua. Afande Barasa alikuwa anajigeuzageuza mbele ya kioo akiitafuta.

"Ndirangu, ya kesho leo umeiweka wapi?"

"Ukiiona utaenda unyolewe kwingine."

Mimi desturi hiyo niliiona ni uchawi wa wazee. Nilipenda kumaliza.

Miaka mitatu ikapita, minne ikapita. Kila mara nikimnyoa mteja mgumu bila tone la damu, nilimgeukia.

"Guka, leo?"

"Leo hapana, mami. Bado napenda uji, na uji unapita hapa kooni."

Duka zima lilicheka, na mimi nilicheka nao. Mwaka wa sita nilianza kucheka kidogo. Mwaka wa nane sikuuliza tena. Wateja walikuwa wananitaka mimi kwa jina. Watu walitoka mpaka Mukurwe-ini kuja kunyolewa na mimi, na bado mzee mmoja aliyekuwa akinipa chai yake nusu kila asubuhi hakuniamini na shingo yake. Niliwahi kulia juu ya hilo nikiosha brashi. Aliona, nadhani, kwa sababu siku hiyo alinipa chai yote. Lakini hakunipa shingo. Alisema tu, akiwa amenigeuzia mgongo, "Jembe bado iko kwa mkono. Kidogo sana. Lakini iko."

Basi mkono ukavunjika. Wala hakuna hadithi kubwa. Ilikuwa msimu wa mvua, nilikuwa nimekuja nyumbani kumsaidia mama, nikashuka na ndoo ya maziwa kwenye matope yale ya nyuma ya zizi. Niliteleza, nikauweka mkono chini, na uzito wangu wote ukaufuata. Mfupa uliungwa. Lakini kidole gumba na cha pili havikurudisha nguvu. Kijiko ninashika. Kikombe kikiwa nusu ninashika. Mashine ya stima ilinitoka mkononi mara mbili mbele ya wateja, na mara ya pili ilimwangukia mtoto begani. Nikavua koti langu nikalikunja.

Guka alikuja kunitazama Giakanja, amebeba mfuko wa matunda damu. Aliketi kwenye kigoda cha mama, akaushika mkono wangu, akaukunja vidole kimoja kimoja kama mtu anayekagua mashine iliyoharibika.

"Unauma?"

"Hauumi. Hauna nguvu tu."

"Hata ya kukandamiza hiki?" Akaniwekea kidole chake kwenye kiganja.

Nikajaribu. Nilitoka jasho. Akatikisa kichwa, na tukala matunda. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba miaka tisa imekwisha na shingo sikupewa, na sasa sitapewa. Hilo liliniuma kuliko mfupa. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, nikaona anasimama kila baada ya hatua chache kupumua. Nilidhani ni kilima.

Haikuwa kilima. Zilikuwa figo. Mwaka haukuisha kabla hajafunga duka, na mvua zilipoanza tena alikuwa amelazwa hospitali huko mjini. Mtoto wake wa pekee, Muriithi, ambaye ni karani Kerugoya, ndiye aliyenipigia simu.

"Wangechi, baba amefuga ndevu," akasema. "Sijawahi kumwona na ndevu maisha yangu yote. Anakaa kama mtu mwingine. Nimemletea kinyozi wa hapo nje, amemfukuza. Mimi mwenyewe nimejaribu, amenifukuza. Anasema anangoja wewe."

"Si umkumbushe mkono wangu."

"Nimemkumbusha. Amesema ndiyo huo anataka."

Nilienda saa ya kutembelea wagonjwa, mchana. Nilibeba thamosi ya maji ya moto, na niliiosha mara tatu. Muriithi alikuwa amenitolea mashine ya Guka mwenyewe, ile yenye mpini uliolika mahali pa kidole gumba. Guka alikuwa ameinuliwa kwenye mito miwili. Amekwisha, koti jeupe lingemzunguka mara mbili. Ndevu zake zilikuwa nyeupe zote, na kweli alikuwa kama mtu mwingine, mpaka aliponiona.

"Mami. Umechelewa kufungua duka."

"Guka, mkono wangu hauwezi. Nitakukata."

"Lete."

"Guka, hauna nguvu hata ya..."

"Wangechi." Akainua kidevu, polepole, kama kitu kizito. Shingo yake yote ikawa mbele yangu. "Jembe imetoka. Nyoa."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mwenye bendeji mguuni, akasema, "Sista ako wapi? Kuna mtu anachinjwa hapa." Hakuna aliyecheka, naye akabaki akitazama.

Nilifungua wembe mpya mbele ya macho ya Guka, kama alivyonifundisha kufanya kwa kila mteja, aone karatasi ikipasuka. Nikamwekea kitambaa cha moto. Nilitakiwa kumuuliza habari za watu wake, na watu wake walikuwa Muriithi aliyesimama dirishani na mke aliyezikwa zamani. Nikamuuliza habari za Afande Barasa. Akasema Afande alikuja Jumapili na kikombe cha chai ya tangawizi.

Nikasoma kwa mkono wa kushoto. Za shavuni zilishuka. Za shingoni zilipanda. Chini ya taya la kushoto zilizunguka. Miaka tisa nilikuwa nimeutazama uso huo, na sikuwa nimewahi kujua kwamba hapo zinazunguka.

Kisha nikaweka mashine shavuni kwa mkono wa kulia, vidole hivi viwili vikiwa kama vya mtu mwingine. Nilitaka kuikaza, haikukazika. Nilitaka kuongeza nguvu pale ndevu zilipokuwa nene, nguvu haikuwepo. Hakukuwa na kitu cha kuongeza. Kitu pekee nilichoweza kufanya kilikuwa kuishikilia isianguke. Nikateremsha mpini. Ng'ombe akaanza kula majani.

Sijawahi kunyoa hivyo, wadogo zangu. Chuma kilishuka chenyewe. Ndevu zilikuja na povu kama zimeachia kwa hiari yao, na ngozi ile ya kizee, nyembamba kama ganda la tunda, ilibaki nzima. Guka alikuwa amefumba macho, anasikiliza. Nilimaliza mashavu. Nikaenda shingoni, mahali pale alipokuwa ananionyesha kwa kidole tangu nikiwa na miaka ishirini. Koo lake lilipanda na kushuka mara moja chini ya wembe. Nilisimama, nikangoja, nikaendelea. Nilikuwa ninalia lakini mkono haukujua.

Nilipofika chini ya taya, pale zinapozunguka, nilisimama. Nikapapanguza povu.

Akainua mkono wake, akajipapasa kwa mgongo wa vidole kama alivyofanya kwa wateja. Shavu hili, shavu lile, koo. Kidole kikafika chini ya taya kikatulia.

"Umeacha hapa."

"Ni ya kesho, Guka."

Akafumbua macho akaniangalia. Sijui niseme aliniangalia namna gani. Kisha akasema, "Kesho hawaruhusu wageni mpaka jioni. Njoo Jumamosi."

"Jumamosi."

"Na shabu?" akasema. Nikapitisha jiwe shingo nzima. Tulingoja wote wawili. Hakukunja uso.

"Hakuna mahali," akasema, na akalala.

Muriithi alipiga simu Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimeshaosha thamosi.

Siku ya kumvisha, kabla ya kumpeleka nyumbani kwao kuzikwa, Muriithi aliniomba niende naye. Alikuwa ameleta suti na shati jeupe. Tulimvisha pamoja na mhudumu wa mochari. Muriithi alipokuwa akifunga kifungo cha juu aliona kile kipande kidogo chini ya taya, ndevu nyeupe kadri ya punje ya mtama.

"Hapa ulisahau," akaniambia kwa upole. "Mashine nimekuja nayo. Unaweza kumalizia? Baba hakuwahi kutoka nyumbani hivi."

Nilichukua mashine. Nilifungua wembe mpya mbele ya macho yake yaliyofungwa, karatasi ikapasuka, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nikaweka mkono wa kushoto chini ya taya nikasoma. Zilikuwa bado zinazunguka vile vile.

Kisha nikautoa wembe, nikaurudisha kwenye karatasi yake.

"Mkono umekataa," nikamwambia Muriithi.

Akanishika bega. Akasema pole, akasema si kosa langu, kila mtu anajua habari ya mkono wangu. Akafunga kile kifungo cha juu, na kola ikafika hapo hapo ikapafunika.

Mkono haukuwa umekataa. Siku hiyo ulikuwa mwepesi kuliko siku zote.